Gitaa la Umeme Lenye Sanduku Tupu: Historia na Muundo wa ES-175

Msomaji aliyewahi kusimama karibu na jukwaa la bendi ya muziki wa dansi atakuwa ameona kwamba magitaa mengi ya umeme ni vipande vya mbao nzima, vizito na visivyo na uwazi ndani. Gitaa la namna hiyo likipigwa bila kuunganishwa na kikuza sauti, mtu aliye upande wa pili wa chumba hasikii kitu. Lakini liko gitaa la umeme la namna nyingine, lenye sanduku pana na tupu kama la fidla, ambalo hadi leo hupendwa na wapigaji wa jazi. Gitaa hilo humletea mwanafunzi wa fizikia swali la haki kabisa: kama umeme upo wa kukuza sauti, sanduku ni la nini? Na kama sanduku lipo, umeme ni wa nini?

Katika makala hii tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kuchunguza gitaa moja mashuhuri, Gibson ES-175, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani. Hatukulichagua kwa kuwa ni gitaa la fahari kuliko yote. Bei yake ilikuwa ya katikati tu, na mbao zake, kama tutakavyoona, ni plaiwudi. Tumelichagua kwa sababu waliolibuni walikabiliwa na matakwa mawili yanayopingana: sanduku litetemeke, na sanduku lisitetemeke.

UZI NA SANDUKU

Tuanze na uzi. Uzi wenye urefu L, uliovutwa kwa kani T, na wenye tungamo m kwa kila mita, hutetemeka mara f kwa sekunde, ambapo f = (1/2L)√(T/m). Urefu wa nyuzi za ES-175, tangu kizingiti kilicho mwisho wa shingo hadi kwenye daraja, ni inchi 24¾, yaani milimita 629 hivi. Uzi wa juu kabisa kwa sauti hutakiwa utoe mitetemo 329.6 kwa sekunde. Tuchukue uzi wa chuma cha pua wenye kipenyo cha milimita 0.305, ambao hutumiwa sana na wapigaji wa jazi. Kila mita yake ina tungamo la gramu 0.57 hivi. Mwanafunzi akiweka tarakimu hizo katika kanuni ataona kwamba uzi huo lazima uvutwe kwa nyutoni 98 hivi, sawasawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 10. Na nyuzi ni sita.

Pamoja na mvuto wote huo, uzi peke yake karibu hausikiki. Ni mwembamba mno. Unapokwenda huku na huku, hewa hupita pembeni mwake badala ya kusukumwa. Ili sauti itoke ni lazima uzi ukabidhi nishati yake kwa kitu kipana. Kitu hicho ni ubao wa juu wa sanduku, ambao hupokea mitetemo kupitia daraja na kuisukuma hewa kwa eneo kubwa. Zingatia kwamba sanduku haliongezi nishati hata chembe. Linachofanya ni kuitoa upesi nishati ambayo mkono wa mpigaji umekwisha kuiweka katika uzi. Kwa hiyo gitaa lenye sanduku jepesi hulia kwa nguvu na kunyamaza mapema, na gitaa la mbao nzima hulia kwa unyonge lakini uzi wake huendelea kutetemeka kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa karne ya 19, Orville Gibson wa Kalamazoo alianza kuchonga ubao wa juu wa gitaa ukiwa na mbinuko, kama ubao wa fidla, badala ya kuuacha bapa. Kampuni yenye jina lake iliundwa mwaka 1902. Ilipofika mwaka 1922, chini ya usimamizi wa Lloyd Loar, kampuni hiyo ilitoa gitaa liitwalo L-5, lenye ubao wa juu wa mti wa jamii ya misonobari uliochongwa, pamoja na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Hilo ndilo babu wa magitaa yote ya jazi.

Hata hivyo, babu huyo alizaliwa katika nyumba yenye kelele. Bendi za jazi za miaka ya 1920 na 1930 zilikuwa na tarumbeta, tromboni, saksafoni na ngoma. Gitaa lilibaki kupiga mwendo tu, likisaidia besi na ngoma. Mpigaji kama Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937, alijipatia heshima kubwa kwa kazi hiyo, lakini ilikuwa heshima ya mtu anayehisiwa kuliko kusikiwa. Waundaji walijaribu kuongeza ukubwa wa sanduku. L-5 ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 16. Super 400 ya mwaka 1934 ilikuwa na inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Njia hiyo ilikuwa na mwisho wake, kwani mkono wa mwanadamu haurefuki.

SUMAKU INAYOSIKILIZA CHUMA

Ufumbuzi ulikuwa umelala vitabuni kwa miaka mia moja. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaopita ndani ya koili ya waya ukibadilika, volti huzalishwa katika waya huo. Kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka, na kadiri mizunguko ya waya inavyokuwa mingi, ndivyo volti inavyoongezeka.

Sasa tuweke sumaku chini ya uzi wa chuma, na kuizungushia sumaku hiyo waya. Kipande cha uzi kilicho juu ya sumaku nacho hugeuka kuwa sumaku ndogo. Uzi ukitetemeka mara 110 kwa sekunde, uga ndani ya koili hupanda na kushuka mara 110 kwa sekunde, na volti huzalishwa kwa kadiri hiyohiyo. Chombo hiki tutakiita kinasa. Mwanafunzi asikichanganye na maikrofoni: maikrofoni husikiliza hewa, kinasa husikiliza chuma. Mtu akiimba mbele ya kinasa hapati kitu. Na nyuzi zikiwa za nailoni, gitaa huwa bubu.

Jambo hili mwalimu anaweza kulithibitisha darasani kwa vifaa vichache. Nyosha waya wa chuma juu ya ubao wa sonometa. Weka chini yake, kwa umbali wa milimita 3 au 4, ncha ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wenye vanishi, mizunguko mia kadhaa au zaidi. Unganisha ncha za waya na tundu la maikrofoni la kikuza sauti chochote kinachotumia betri. Piga waya wa chuma, sikiliza. Kisha uondoe na uweke mshipi wa kuvulia wa nailoni, upige tena. Darasa linaponyamaza kusikiliza mshipi usiosema kitu, somo la Faraday limekwisha kueleweka nusu.

Vinasa vya namna hii vilianza kuuzwa katika gitaa la alumini la George Beauchamp na Adolph Rickenbacker huko California mwaka 1932. Hilo lilikuwa gitaa la kulaza mapajani. Mwaka 1936 Gibson walitoa ES-150, gitaa la kawaida lenye sanduku na kinasa chenye sumaku mbili ndefu zilizofichwa chini ya ubao wa juu. Herufi ES ni kifupi cha maneno yenye maana ya gitaa la Kihispania la umeme, yaani la kupakatwa, si la kulazwa. Nayo tarakimu ilitokana na bei ya dola 150 pamoja na kikuza sauti chake.

Huenda ES-150 lingebaki kuwa bidhaa ya duka tu kama lisingeangukia mikononi mwa kijana mmoja wa Oklahoma City. Charlie Christian alizaliwa mwaka 1916. Mwaka 1939 alijiunga na kundi la Benny Goodman, na kwa mara ya kwanza watu wengi walisikia gitaa likisema sentensi ndefu, noti moja baada ya nyingine, likijibizana na klarineti na saksafoni kama mwenzao. Alifariki kwa kifua kikuu mwezi Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 25. Kazi yake mbele ya umma haikufika miaka mitatu kamili, lakini baada yake hakuna aliyeweza kudai tena kwamba gitaa ni chombo cha kupigia mwendo peke yake.

MLUZI

Umeme ulileta adui mpya. Sisi walimu tunamfahamu: ni ule mluzi unaotoboa masikio ukumbini pale maikrofoni inapoelekezwa kwenye spika, kwa kawaida mgeni rasmi anapoanza kuhutubia. Katika gitaa la sanduku mambo huwa hivi. Spika hutoa sauti. Sauti hupiga ubao wa juu wa gitaa. Ubao hutetemesha daraja. Daraja hutetemesha nyuzi. Kinasa huzihisi nyuzi na kupeleka volti kwenye kikuza sauti. Nacho huirudisha kwenye spika, kubwa zaidi. Mzunguko umefungwa.

Hesabu ya jambo hili ni mfululizo wa jiometri ambao kidato cha nne wanaufahamu. Tuseme kila mzunguko hurudisha sehemu 0.9 ya sauti ya mwanzo. Jumla yake ni 1 + 0.9 + 0.81 + …, ambayo ni 10. Sauti imevimba, lakini ina kikomo. Sasa tuseme mpigaji ameongeza sauti kidogo, na kila mzunguko hurudisha 1.1. Mfululizo hauna tena kikomo. Baada ya mizunguko 50 sauti imekua mara 117. Ikiwa spika iko mita 2 kutoka kwenye gitaa, sauti huchukua sekunde 0.006 hivi kufika, na mizunguko 50 hukamilika kwa muda wa theluthi moja tu ya sekunde. Ndiyo maana mluzi hauji polepole, hulipuka. Kinachouzuia kukua milele ni uwezo wa kikuza sauti chenyewe.

Na mluzi huchagua noti yake. Kila sanduku lina mitetemo inayoipenda. Hewa iliyomo ndani hutetemeka kama hewa ya chupa inapopulizwa mdomoni, na ubao wa juu nao una mtetemo wake wa asili. Kwa masanduku mengi ya ukubwa huu, mitetemo hiyo huangukia kati ya 100 na 200 kwa sekunde, yaani katikati kabisa ya noti ambazo mpigaji anazihitaji. Hapo ndipo mzunguko wetu hupita 1 kwanza, na badala ya mluzi mwembamba hutokea ngurumo.

Tazama sasa kejeli ya jambo lenyewe. Sanduku lililo bora bila umeme, jepesi na lenye kuitikia upesi, ndilo linalonguruma mapema zaidi likitiwa umeme. Sifa imegeuka kuwa kosa, ingawa ubao ni uleule.

PLAIWUDI

Njia moja ya kumkimbia adui huyu ilikuwa kuliondoa sanduku kabisa, na ndiyo iliyozaa magitaa ya mbao nzima ya miaka ya 1950. Njia nyingine ilikuwa ES-175.

Ubao wa juu, wa nyuma na wa mbavuni wa gitaa hili ni wa plaiwudi: matabaka yaliyogundishwa, ya nje yakiwa ya mepo, mti mgumu wa nchi za baridi. Badala ya fundi kuchonga mbinuko kwa saa nyingi, matabaka yaliwekwa katika kalibu na kubanwa mpaka yakashika umbo. Sababu ya kwanza, tusifiche, ilikuwa gharama. Gitaa lilipotoka mwaka 1949 liliuzwa kwa dola 175, na hiyo ndiyo asili ya jina lake.

Lakini ona plaiwudi inavyofanya kazi. Ubao mzima wa msonobari ni mwepesi, wenye tungamo la kilo 400 hivi kwa kila mita ya ujazo, na nyuzinyuzi zake zote zimelala upande mmoja. Mepo hukaribia kilo 700. Katika plaiwudi nyuzinyuzi za tabaka moja hukatiza zile za tabaka jingine, na gundi huzifunga pamoja. Ubao huo ni mzito zaidi, na mgumu kupindwa kwa kila upande. Sauti ya spika ikiupiga, huitikia shingo upande. Hauko kimya, lakini hauna pupa. Zaidi ya hayo, kinasa kilifungwa kwenye ubao wenyewe kwa kukatiwa tundu, na uzito wake uliongeza utulivu.

Wapo waliodharau, na wapo wanaodharau hadi leo, kwa kuwa neno plaiwudi linawakumbusha makabati. Maoni yangu ni kwamba wanapima kwa mizani isiyohusika. Kampuni hiyohiyo, ilipotoa mwaka 1951 magitaa ya gharama kubwa ya L-5 CES na Super 400 CES, yenye mbao za kuchongwa, ililazimika kuziacha mbao hizo ziwe nene na kuzitilia viimarisho vizito kuliko vya magitaa yasiyo ya umeme. Walikuwa wakitafuta kwa fedha nyingi kile ambacho ES-175 lilikipata kwa bei nafuu.

Vipimo vingine vya gitaa hili tuvitaje kwa ufupi. Sanduku lina upana wa inchi 16¼, yaani sentimita 41. Upande mmoja wa bega umekatwa kwa ncha kali kama pembe, ili mkono wa kushoto ufikie noti za juu zilizo mbele ya mahali shingo inapokutana na sanduku. Freti ni 20. Ubao wa vidole wa magitaa ya mwanzo ulikuwa wa mti wa Brazili wa jenasi Dalbergia, ambayo ndiyo jenasi ya mpingo wetu. Kwa hiyo fundi wa vinyago wa Mtwara na mpiga jazi wa New York wameshika mbao za ukoo mmoja.

Kinasa kilikuwa kimoja, kimewekwa karibu na mwisho wa shingo, takriban kwenye robo ya urefu wa uzi kutoka kwenye daraja. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Karibu na daraja uzi hucheza kidogo tu, na sauti huwa kali na nyembamba, imejaa mitetemo ya juu. Kuelekea shingoni uzi hucheza kwa upana, na mtetemo wa msingi hupata nguvu. Ndiyo ile sauti ya mviringo, yenye giza kidogo, ambayo wapenzi wa jazi huitambua mara moja. Sanduku nalo huongeza sehemu yake: kwa kuwa huunyang'anya uzi nishati upesi kuliko mbao nzima, noti hugonga na kuondoka, ikiipisha ifuatayo. Kwa muziki wenye kubadilisha kodi haraka, hiyo ni faida. Hilo ndilo jibu la swali tulilouliza mwanzoni: umeme hutoa ukubwa wa sauti, nalo sanduku limebaki ili litoe umbo la noti.

KUUNYAMAZISHA MVUMO

Kinasa cha kwanza cha ES-175 kilikuwa na koili moja yenye mizunguko 10,000 hivi ya waya mwembamba kama unywele. Koili kubwa namna hiyo hunasa pia uga wa sumaku wa nyaya na transfoma za jengo. Matokeo yake ni mvumo usiokoma, wa mizunguko 60 kwa sekunde Marekani, na 50 hapa kwetu, pamoja na vizidishi vyake.

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson aliyetokea katika kazi za redio, aliomba hataza ya kinasa chenye koili mbili, nayo ilitolewa mwaka 1959. Werevu wake unaweza kuandikwa ubaoni kwa mstari mmoja. Koili ya kwanza ina sumaku yenye ncha ya kaskazini juu. Hutoa sauti ya uzi s na mvumo h, yaani s + h. Koili ya pili imeunganishwa kinyume, kwa hiyo mvumo wake ni –h. Sauti ya uzi nayo ingegeuka kuwa –s, lakini sumaku yake pia imepinduliwa, kusini juu, na kupinduliwa mara mbili ni kurudi palepale: s. Ukijumlisha, s + h + s – h = 2s. Mvumo umejifuta wenyewe, na sauti imebaki.

Kinasa hicho kiliwekwa katika ES-175 kuanzia mwaka 1957. Kina tabia moja ya ziada: kwa kuwa koili mbili huuhisi uzi mahali pawili tofauti, baadhi ya mitetemo ya juu sana hupungua, na sauti huzidi kuwa laini. Wapiga jazi hawakulalamika.

Toleo lenye vinasa viwili lilikuwa limetangulia mwaka 1953. Herb Ellis alilitumia ES-175 alipokuwa na Oscar Peterson. Jim Hall na Pat Metheny walidumu nalo miaka mingi. Na Joe Pass, ambaye gitaa hilo lilikuwa mwenzi wake mkubwa, alirekodi mwaka 1973 sahani ya Virtuoso akiwa peke yake bila bendi. Gitaa hilo liliendelea kuundwa kwa karibu miaka 70. Mwaka 1958 Gibson walitoa mdogo wake, ES-335, lenye sanduku jembamba na gogo la mbao nzima katikati, toka shingoni hadi mkiani, ambalo daraja na vinasa hukalia. Linastahimili sauti kubwa kuliko kaka yake, na noti zake hudumu zaidi.

MASWALI YA DARASANI

Kila freti hupandisha kadiri ya mitetemo mara 1.0595. Kwa uzi wa milimita 629, tafuta umbali wa freti ya tano kutoka kwenye kizingiti, kisha hakikisha kwamba ya kumi na mbili iko katikati ya uzi. (Ya tano: milimita 158 hivi.) Pili, fundi amezifunga koili mbili za kinasa cha Lover sawasawa, lakini amesahau kuipindua sumaku ya pili, mpigaji atasikia nini, na mvumo utakuwaje? Tatu, wapigaji wengine, wanapopiga karibu na spika kubwa, huziba matundu ya f kwa kitambaa au mpira. Eleza ni upi kati ya mitetemo miwili ya asili ya sanduku unaopunguzwa hivyo, na kwa nini ngurumo haiondoki kabisa.